Mvumo Kwenye Gari la Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Mjomba ametangaza kuwa mgongo umemshinda. Jumamosi atakabidhi funguo za karakana kwa mmoja wetu: mimi, mtoto wa dada yake wa damu, au Shemeji, kaka wa mke wangu, niliyemleta hapa mwenyewe aje kunishikia tochi. Eti kwanza atatutazama kazini. Amenitazama tangu niko kwenye mbeleko!

Kinyozi kaleta amplifaya ya spika yake ya besi. Garini inavuma kama nyuki ndani ya chupa. Kapewa nani? Shemeji. Na juu ya hayo, meza ya dirishani. Mimi niko meza ya karibu na choo, nakausha redio iliyomwagikiwa chai.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamka na wazo safi. Kabla Shemeji hajafika, nimefungua skrubu ya waya wa hasi mezani kwake, nikaipaka rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikaifunga tena. Rangi huzuia umeme, na umeme ukikosa njia nzuri ya kurudi, amplifaya hata iwe mpya itavuma.

Imevuma mpaka adhuhuri. Shemeji kasema basi, ugonjwa umo ndani ya amplifaya, si garini. Nimempa pole kwa sauti kubwa, Mjomba asikie.

Jumatano, 5 Machi
Mjomba ana utaratibu wake. Fundi akikwama, kazi haihami, wanahama mafundi. Nikahamia dirishani. Nimekwangua ile rangi kwa siri, nikawasha. Kimya! Mjomba kauliza nimefanyaje. Nimesema ni mkono tu. Kisha nikachagua ukuta wa kutundika picha yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Kinyozi, aliyeichukua amplifaya jana, amerudi nayo. Mvumo uko palepale. Nimeifungua amplifaya na kubadilisha kila kinachobadilika. Mezani kimya, garini mvumo. Nikamwambia kinyozi masikio yake yameharibiwa na mashine za kunyolea. Kanuna. Watu hawana shukrani.

Ijumaa, 7 Machi
Mjomba kamtuma Shemeji garini. Kaenda na kipande cha msasa, basi. Kwenye buti kakuta waya wa hasi umefungwa juu ya rangi ya gari. Kakwangua, kafunga. Kimya. Ugonjwa uleule niliouunda mimi kwa mikono yangu! Nilitamani kulia.

Mjomba kamuuliza kajuaje. Kasema jana akifagia meza ya dirishani aliona vumbi jekundu chini ya skrubu, ndipo akaanza kuwaza mambo ya rangi. Kisha, kwa ule upole wake unaokera, kaongeza kwamba rangi yenyewe anaijua, alimnunulia dada yake. Mjomba aliangalia mkono wangu. Kidole cha shahada kilikuwa bado chekundu.

Jumamosi, 8 Machi
Funguo kapewa Shemeji. Mjomba hakunitazama hata kidogo, na hilo limeniuma kuliko funguo. Nyumbani mke wangu kauliza chupa yake ya rangi ya kucha iko wapi, halafu akasema nisijisumbue kujibu, kaka yake ameshampigia simu.

Nimerudishwa kwenye meza ya chooni. Nimewaza sana na kosa langu nimeliona. Ni wekundu tu. Dukani kuna rangi ya kucha isiyoonekana kabisa, kama maji. Nimeshanunua. Jumatatu nitawahi kazini kabla ya Shemeji.

Nitamwomba aniazime funguo.