Kampeni Yangu Nyuma ya Kanisa

Jumamosi, 5 Mei 2018. Garland, Texas.
Uchaguzi wa jumuiya yetu ya Waswahili kanisani ni Jumapili ijayo. Balthazar, yule Mrundi, ni mwenyekiti mwaka wa tatu sasa. Inatosha! Safari hii nagombea mimi. Leo nimefyeka peke yangu magugu na mitambaa iliyofunika uzio wa nyuma ya kanisa, makusudi saa ya mazoezi ya kwaya, wanione natoka jasho. Shati nimevua. Balthazar akaja kusema mtambaa ule wenye majani matatu matatu una sumu, Wamarekani wanauita poison ivy, nivae glavu na mikono mirefu. Nikamjibu kwamba mimi Wilbroad nimekulia Bukoba, nimeng'oa mabaya zaidi. Anaogopa kushindwa, basi.

Jumatatu, 7 Mei.
Nawashwa. Vidole, tumbo, shingo. Mke wangu Apolonia, anayehudumia wagonjwa wazee, akauliza kama nilioga kwa sabuni mara tu niliporudi. Nilikula kwanza. Kisha nikajinyoosha kidogo. Akauliza wapi. Kitandani. Akaenda kuvua mashuka.

Jumanne, 8 Mei.
Jicho la kushoto limevimba hadi limejifunga. Ghalani ninakofanya kazi, Mesquite, supavaiza alinitazama mara moja akanirudisha nyumbani. Nilimweleza kwamba malengelenge hayaambukizi, ni utomvu wa mmea tu. Alikwisha kurudi nyuma hatua nne.

Jumatano, 9 Mei.
Apolonia naye! Mikono yote miwili, mpaka viwikoni. Alifua suruali yangu niliyofyekea. Hawezi kumnyanyua mgonjwa. Amekosa shifti mbili. Hakugomba. Alikaa jikoni, mikono ndani ya beseni la maji baridi, akasema tu, "Baba Abigail, wewe huchoki? Mimi nimechoka." Nikamwongezea barafu.

Alhamisi, 10 Mei.
Balthazar kaja na losheni ya pinki, na sabuni ya vyombo ya kufulia utomvu uliobaki kwenye nguo. Alisema mwaka wake wa kwanza Texas aliuchoma moto mmea huohuo, moshi ukamwingia kifuani, akalazwa siku tatu. Uzio amemalizia yeye jana: glavu, mikono mirefu, kila kitu kwenye mifuko. Na amewaambia watu kazi ni yangu. Anapanga nini? Mtu hafanyi hivyo bure.

Jumapili, 13 Mei.
Wakati wa kutakiana amani watu walinipungia kwa mbali. Balthazar kura thelathini na nane. Mimi moja, nami sikujipigia, niliona aibu. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimshukuru Apolonia kwa kura ile moja. Aliendesha yeye. Kwenye taa nyekundu akasema yeye alimpigia Balthazar. Sasa ile moja kanipigia nani?

Jumamosi, 19 Mei.
Ngozi inabanduka. Apolonia amerudi kazini. Nafasi ya katibu itajazwa Juni, naitaka, na Celestine, kiongozi wa kwaya, ana kwaya nzima mfukoni. Kwenye mti wa uani kwake umepanda mtambaa mnene kama mkono, shina lina nywele. Balthazar keshamwambia hata hilo shina lisiguswe bila glavu. Anawinda kura za kwaya, namjua! Sumu ina majani matatu; shina hili halina hata moja. Mtoto wa chekechea angeelewa. Nililikumbatia, nikalivuta kwa nguvu zote, likaniangukia begani. Celestine alinipigia makofi akiwa ndani, dirisha amelifunga.