Kabichi Zinazotoka Karibu Mno

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Mpango wa Serikali wa Kununua Mazao ya Wakulima wa Karibu

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeshakula, maana ninayotaka kueleza hayafai kusomwa na mwenye njaa.

Mimi ni fundi cherehani, mkabala na ukumbi mnaogawia mboga. Kabla ya mpango wenu, duka la mtaani kwetu liliuza biskuti, viberiti na soda, na aliyetaka jani la kijani alipanda magari mawili. Kwa hiyo mliposema serikali imetoa fedha za kununua mboga kwa wakulima wa karibu na kuzigawa kwetu, nilipiga makofi kuliko wote ukumbini. Nilibeba kabichi mbili, nikapika, watoto wakala, mume wangu akakwangua sufuria.

Kesho yake nikamuuliza karani wenu zimetoka wapi. Akajibu kwa furaha, "Kwa yule mama wa bondeni."

Mheshimiwa, yule mama wa bondeni ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Hatusemezani tangu aliponiambia mbele ya wageni kwamba gauni nililomshonea lina mkono mmoja unaoelekea nyuma. Na kabichi ilikuwa imeshapita kooni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuonywa. Mzigo wa kabichi unapimwa, unahesabiwa na kupigwa muhuri, lakini hakuna ofisa hata mmoja anayeuliza nani amenuniana na nani.

2. Siku ya mgao wifi huja na gari lenu, amekaa juu ya mzigo kama bibi harusi. Wiki ya pili aliniona kwenye foleni, akamwambia karani, "Mpeni wifi yangu ile kubwa, ana kazi nyingi." Nimeyachambua maneno hayo usiku na mchana. Ubaya wake ni kwamba hayana ubaya.

3. Tangu tuoane, mume wangu hula kimya. Ni fundi bomba, hana maneno mengi. Sasa amepata sauti. Juzi aliinua kijiko, akakitazama, akasema, "Dada ana mkono." Aliyekata ni mimi. Aliyekaanga vitunguu ni mimi. Moshi uliniingia mimi.

4. Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa akiona mboga analia, sasa amenenepa. Muuguzi wa kliniki alifurahi, akaniuliza ninamlisha nini. Nililazimika kumtaja hasimu wangu kwa sauti, ndani ya jengo la serikali, na muuguzi akasema nimshukuru.

5. Ugomvi wetu unadhoofika. Nimejitahidi sana kuulinda, lakini kumnunia mtu huku umekumbatia kabichi yake kunahitaji mikono mitatu. Wiki iliyopita nilipogeuza uso nisimsalimie, kabichi ilinidondoka ikabingiria hadi miguuni kwake. Aliiokota, akaifuta kwa kanga yake, akanirudishia. Nikasema asante. Mheshimiwa, nilisema asante, na mashahidi wapo.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima zote, mtafsiri upya neno "karibu". Mkulima awe karibu kiasi cha mboga kutonyauka, lakini mbali kiasi cha kutokuwa ndugu wa mume wa mtu. Kila mkulima ahojiwe kwanza kuhusu mawifi zake. Kama hilo ni gumu, pelekeni kabichi za wifi mtaa wa pili na za mtaa wa pili mtuletee sisi, ili kila mtu ale kwa adui wa mwenzake. Na hilo likishindikana, undeni tume ichunguze ule mkono wa gauni, ambao ulikuwa sawa, ila yeye ndiye husimama upande. Sidhani kama serikali itashindwa kuifadhili, maana tume hailimwi wala haimwagiliwi.

Nisalimie karani wenu, dereva, mlinzi wa getini na wote wanaotia saini hapo ofisini, pamoja na familia zao, hasa wenye mawifi.

Ni mimi, mla kabichi kwa shingo upande,
Fundi cherehani, mkabala na ukumbi

Tanbihi: Barua hii ilichelewa kwa kukosa stempu. Wiki hii gari lenu limeleta kabichi za mtu nisiyemjua kabisa, kama ninavyoomba hapo juu. Nilizipika. Mume wangu alikula kimya, mtoto akasukuma sahani. Karani akaniambia wifi ameteguka kiuno, hawezi hata kuinama, na kuna mtu wa mbali ameshaomba nafasi yake. Nilifunga cherehani nikaenda bondeni. Nimemwagilia shamba lote, nimepalilia na matuta mawili ambayo baadaye aliniambia si yake. Tafadhali yule mtu wa mbali mwambieni abaki huko huko mbali. Gari lije Alhamisi asubuhi, kabichi zimefunga vichwa vizuri. Wapakiaji tupo wawili: mimi ninayebeba, na yeye aliyekaa kwenye kiti anayeniambia nabeba vibaya.