Biskuti za Kwenye Gari la Mwanyumba

Jumatatu, 12 Januari
Likizo, siku ya kwanza. Joto la kupasua kichwa. Mama mkwe anakuja kula chakula cha mchana Jumapili, nami nimeamua: safari hii ataniita mwanangu. Mwaka wa tisa huu tangu nimuoe binti yake, na bado ananiita "huyu bwana". Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu, alimpelekea chupa mbili za jamu aliyoipika mwenyewe na mishumaa ya kujitengenezea. Wiki haikuisha, akawa mwanangu. Kwa jamu! Hata mimi nina mikono.

Shida ni moja tu. Jikoni nimepigwa marufuku tangu siku ile ya trei ya plastiki ndani ya oveni. Mke wangu amesema nisivuke kizingiti. Sijavuka.

Jumanne, 13 Januari
Mwanyumba kasafiri kikazi mpaka Jumamosi. Gari lake kaliacha uani kwetu, jeusi, linang'aa. Ufunguo kanikabidhi kwa maagizo utadhani ananiachia kichanga. Nisiliegemee. Nisilioshe kwa sabuni ya nguo. Nisiingie nalo sokoni, maana harufu ya samaki humchefua hadi kutapika.

Adhuhuri niliingia kuhakikisha liko salama. Chuma cha mkanda wa siti kikaniunguza kiganja! Niliruka nje, nikasimama napuliza mkono, na hapo hapo akili ikafunguka. Ile ni oveni. Na haiko jikoni.

Jumatano, 14 Januari
Mke wangu alipoenda kazini nilipata unga, sukari, siagi na vanila kwa kupenyeza mkono dirishani mwa jikoni. Mkono kuvuka si mimi kuvuka. Nilikandia bafuni, kwenye beseni la kufulia nililolisuuza mara mbili. Unga ukanukia sabuni. Nikaongeza vanila. Sabuni bado. Nikaimalizia chupa.

Biskuti kumi na mbili juu ya dashibodi, vioo vyote juu. Saa nane mchana: siagi imeyeyuka yote na kuteremka kwenye matundu ya kipoza hewa. Biskuti zimeungana, zimekuwa moja. Nilipangusa nilichoweza kwa soksi. Yaliyo ndani ya matundu ni siri yangu na gari.

Alhamisi, 15 Januari
Siagi kidogo, unga mwingi. Nimehamisha sinia nyuma, chini ya kioo kikubwa, kwenye jua la kutwa. Wakati nikisubiri nilitengeneza boksi la zawadi: boksi la viatu, karatasi za rangi, gundi ya unga wa ngano niliyokoroga mwenyewe. Lilipendeza! Nililianika uani likauke. Sisimizi wakala gundi, karatasi zikabaki zinapepea.

Lakini saa kumi jioni, zimeiva! Kavu, rangi ya mchanga, ukiuma zinalia. Nilikaa kwenye ngazi nikala moja polepole, na sioni aibu kuandika kwamba machozi yalinilengalenga. Zimebaki kumi na moja. Sikuwahi kutengeneza kitu kikatoka kama nilivyokikusudia.

Jioni mke wangu aliuliza vanila imekwenda wapi. Nikasema joto la mwaka huu linakausha kila kitu.

Ijumaa, 16 Januari
Ningeziacha vile vile! Lakini nikaona zikipata jua la siku moja zaidi zitakuwa bora zaidi. Nikazirudisha garini, nikazifunika kwa kitambaa safi, nikaenda kujinyoosha. Nimeamka saa kumi na moja. Uani hakuna gari.

Mke wangu anasema Mwanyumba amewahi kurudi, alikuwa na haraka, kachukua ufunguo kaondoka. Nilishika simu mara tatu. Nimpigie nimwambie nini? Nikitaja biskuti, nimetaja matundu.

Jumapili, 18 Januari
Mama mkwe ameletwa na Mwanyumba, garini humo humo. Ameshuka amepakata sinia langu, kidevuni makombo. Mezani alitutangazia kwamba "mwanangu huyu", yaani Mwanyumba, amemuokea biskuti, tena akamfichia siti ya nyuma azikute mwenyewe. Kwamba zimeshinda hata jamu. Mwanyumba alitazama dari, akasema ni kitu kidogo tu. Kitu kidogo! Lalamiko lake lilikuwa moja, kwamba siku hizi akiwasha kipoza hewa gari linanukia keki.

Mama mkwe akanipa moja. Akaniambia huyu bwana naye ajifunze kwa mwenzake. Nikala. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja, sijui nieleze vipi. Mke wangu aliuma yake, akatafuna taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna sabuni humu. Akachukua ya mwisho siniani, akaiweka kwenye sahani yangu.

Jumatatu, 19 Januari
Mwanyumba anasafiri tena Alhamisi. Ameomba aliache gari kwetu. Anasema hakuna mahali linapotunzwa vizuri kama hapa.

Asubuhi nzima nimekaa kwenye ngazi nikitafuta nilipokosea. Si gari. Gari halina kosa. Beseni pia halina kosa. Kosa ni biskuti: mtu yeyote anaweza kuonekana ndiye aliyezioka. Safari hii lazima kiwe kitu ambacho hata mama mkwe hawezi kuamini kimetoka kwa Mwanyumba.

Nimeagiza samaki wanne, wakubwa.