Mmoja Zaidi ya Themanini

Jumanne, 18 Oktoba 2011
Sensa inaanza keshokutwa. Nimepiga hesabu mara tatu, jibu ni lile lile. Tangu mzee Crăciun azikwe wiki iliyopita, kijiji kina watu 400 kamili. Wahungaria tupo 76. Sheria ya Romania inasema tukizidi asilimia ishirini, kibao cha kijiji kinaandikwa kwa lugha mbili. Tukizidi! Yaani 81. Tumepungukiwa watano. Watano tu!

Kibao nimeshakitengeneza. Kipo karakana, chini ya turubai. Mageti yote ya kijiji hiki nimeyachomelea mimi, hata la kanisa la Waromania, na ufundi hakuna aliyenifundisha. Lakini ukiingia kwa barabara kuu unasoma Fântâna Roșie, Kiromania, basi. Mama yangu alizaliwa Vereskút, ndilo jina la kijiji hiki hiki kwa Kihungaria, na akafia Vereskút. Fântâna Roșie hakukaa hata siku moja. Jambo hilo linaniuma kila nikienda kununua mkate.

Karani wa sensa ni mwalimu Purice. Angekuwa nani mwingine! Kaniona dukani nimeshika daftari, akauliza kwa sauti kama siku hizi nahesabu kondoo. Nikamjibu kondoo nimewaachia walimu. Watu wakacheka. Walimcheka yeye. Nadhani.

Jumatano, 19 Oktoba
Nimekwenda kwa shangazi Kata Wolz, miaka 84, Mjerumani wa mwisho hapa. Wenzake wote walihamia Ujerumani mwaka 1990, yeye akabaki na mabata wake. Kihungaria anakijua kunishinda. Anatukana kwa Kihungaria. Nikamweleza taratibu: karani hadai cheti wala hapimi damu, anaandika unachosema. Neno moja tu, shangazi.

Akaendelea kunyonyoa bata. Kisha akasema karatasi ya Purice ina mstari wa Wajerumani, na mwaka huu mstari huo una mtu mmoja. Yeye akitoka, wataufuta. Makaburini ana watu mia tatu, akasema, sasa hao awaache bila mstari?

Kanipa mayai sita ya bata. Sikufuata mayai mimi.

Alhamisi, 20 Oktoba
Imebaki nyumba ya Lakatos Rudi, mpiga fidla, ng'ambo ya kijito. Watu watano. Watano kamili! Ndani ya nyumba ile hakisemwi ila Kihungaria. Daftarini nilikuwa nimewaandika Wajipsi bila hata kufikiri. Kosa la kiufundi.

Rudi alinisikiliza hadi mwisho, mikono mfukoni. Kisha akaniuliza kwa upole: Fundi, kwenye dansi ya mavuno mwezi uliopita, sisi tulikula wapi? Nikasema sikumbuki. Akanikumbusha. Walikula jikoni, wamesimama, baada ya kupiga muziki saa saba mfululizo, na aliyepanga viti ni mimi. Septemba Wajipsi, Oktoba Wahungaria, akasema, na Novemba tutakuwa nani, Fundi, tujue kofia ya kununua? Mkewe alicheka mpaka akashika mlango.

Nikasema mwakani watakaa mezani. Akauliza meza ipi. Nikasema ile ya mlangoni. Akanitazama. Nikasema haya, ya katikati.

Akasema karani akija, atajua la kumwambia.

Jumamosi, 22 Oktoba
Wamejiandikisha Wahungaria! Wote watano!

Nikamkimbilia Rudi kumshukuru. Akanikatiza. Hakufanya kwa ajili yangu, wala kibao changu. Bibi yake alimbembeleza usingizi kwa Kihungaria, naye amekuwa Mhungaria miaka hamsini bila kuulizwa na mtu. Purice ndiye wa kwanza kumuuliza. Na Ujipsi wake uko palepale, ila fomu ina nafasi moja. Halafu akasema meza ya katikati anaitaka.

Maneno mengi. La maana ni 81. Nimekipaka kibao rangi ya pili.

Jumatatu, 24 Oktoba
Purice alikuja kwetu. Nikamtolea brandi ya plamu, ile nzuri, nione uso wake ukiwa mchungu. Akaniandika. Kisha akageuza kiti kumwelekea mke wangu, aliyekuwa anafunga nyama ndani ya majani ya kabichi. Anaitwa Viorica, ila hapa nyumbani ni Ibolya. Jina hilo alipewa na mama yangu siku ya harusi, lile lake la Kiromania lilimshinda mama kutamka. Nikamwambia mwalimu asipoteze wino, aandike Mhungaria, mke wangu namsemea mimi.

Mke wangu akafuta mikono. Akasema: Viorica. Mromania. Andika vizuri, mwalimu.

Nilidhani anatania. Purice hakunicheka, na hilo ndilo baya zaidi. Brandi aliiacha nusu.

Alipotoka nikamuuliza mke wangu kama kichwa chake kizima. Akasema miaka thelathini na minane amesali kwa Kihungaria na kuwalea watoto kwa Kihungaria, na hajutii. Ila leo kuna mtu amekaa jikoni kwake akamuuliza yeye ni nani. Nikapiga kelele kwamba alijua tunataka 81! Akasema alijua. Akasema nimezunguka kijiji kizima nikibembeleza watu, hadi ng'ambo ya kijito nimefika, na jikoni kwangu sikuomba.

Bila yeye ni themanini kwa mia nne. Ishirini kamili. Sheria inataka kuzidi.

Jumanne, 25 Oktoba
Nimeshinda karakana mbele ya kibao. Nimejaribu kulitamka lile jina peke yangu. Viorica. Mdomo unakwama kidogo, kama bawaba mpya. Miaka thelathini na minane hiyo. Nimetamka mara tano, kisha nikaona haya, nikawasha mashine ya kuchomelea bila kazi yoyote.

Jumatano, 26 Oktoba
Nimepata!

Wahungaria si lazima waongezeke! 80 kwa 400 ni ishirini, lakini 80 kwa 399 ni ishirini na kidogo. Imezidi! Anatakiwa Mromania mmoja tu ahame kabla Purice hajafunga makaratasi Jumatatu. Nimepitia orodha nzima. Wengi wana ng'ombe. Wengine hawawezi kupanda basi. Purice ni karani, haondoki. Nimechuja nikachuja, amebaki mmoja. Ng'ombe hana, miguu anayo, na ana dada yake mjini Arad mwenye chumba kitupu, anayemwalika kila Krismasi. Wiki mbili tu, na karatasi ya makazi yenye mhuri. Kisha arudi, nani atamzuia?

Atafurahi. Juzi si alilalamika kwamba hapa nyumbani hafikiriwi? Leo nimemfikiria tangu alfajiri.

Basi linaondoka Ijumaa saa moja na nusu asubuhi. Tiketi nimeshakata. Nitamwambia Ijumaa, saa moja.