Jibu Langu Liko Chini

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka kudharauliwa. Miaka kumi na moja niko masjala, na ofisi nzima bado haijui jibu la barua pepe linakaa wapi. Linakaa chini! Chini ya ujumbe unaojibiwa. Wao wanabandika juu. Unasoma "Sawa, Alhamisi" kabla hujajua Alhamisi kuna nini. Kinara wao ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, niliyemtafutia kazi hapa mimi mwenyewe! Leo nimempa kanuni zangu, kurasa nne. Kazikunja, kazibana dirishani lisigongegonge.

Jumanne, 4 Machi
Mkuu wa masjala anastaafu! Mkurugenzi ametuandikia mimi na shemeji: kila mmoja aeleze kwa nini anafaa, kabla ya saa sita kesho mchana. Mpango wangu: nitajibu chini kabisa, chini ya mazungumzo yote ya zamani yaliyobebwa na barua yake, tangu mwaka juzi, ili mama huyu aone kwa macho yake nani anajua kazi. Maneno mia nane. Mke wangu kasema niandike juu tu, mambo yaishe. Anamtetea kaka yake.

Jumatano, 5 Machi
Nimetuma saa tatu asubuhi. Shemeji katuma saa sita kasoro dakika tano. Nilichungulia begani kwake: "Mama, kazi naiweza. Naomba unijaribu." Juu! Bila haya! Nilimwonea huruma.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeitwa. Mkurugenzi kanigeuzia simu yake, kauliza ni dharau gani hii, kumrudishia barua yake mwenyewe bila hata neno moja. Nikamwomba ashuke chini. Akashusha kidole. Akashusha. Akapokea simu, akazungumza, akashusha tena.
"Bado kidogo tu, mama," nikasema kwa heshima zote.
"Mwenzio nilimsoma nikiwa kwenye lifti."
Lifti! Miaka kumi na moja inapimwa kwa lifti!

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji ndiye bosi wangu. Ofisi imepiga makofi. Nami nimepiga, mara mbili. Jioni kaja kwangu, kakalia kiti changu, mke wangu anamwita mheshimiwa. Kanieleza taratibu kwamba Mkurugenzi alitaka kunipa mimi. Jana alingoja hadi saa kumi, labda nitume tena. "Shemeji, andika juu, watu wakuone." Nusura nimmwagie chai. Nilitoka nje, nikasimama kibarazani mpaka alipoondoka. Tena nitume? Jibu lilikuwepo!

Jumatatu, 10 Machi
Nimehamishiwa stoo ya vifaa, eti mpaka hasira za Mkurugenzi zipoe. Hakuna kompyuta. Daftari na kalamu tu. Amani! Mtunza stoo, mama mmoja mpole, kanipokea vizuri, kanitafutia kiti chenye mto. Kisha nikamwona anaandika tarehe mwisho wa mstari. Mwisho! Nimemwomba karatasi. Kanuni zitafika kurasa sita.