Kihispania, Wastani

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha. Hakuna anayejua bado, lakini nimekwisha.

Meneja ametukusanya wote pale kwenye marobota ya sponji. Kiwanda kimepata mashine mpya ya kushonea magodoro. Jumatatu ijayo anakuja fundi wa kuiwasha, na fundi huyo anajua Kihispania tu, basi. Meneja akafungua faili langu. Akasoma mbele ya watu wote fomu niliyojaza miaka sita iliyopita nikiomba kazi. Lugha: Kihispania, wastani.

Mimi! Nilijaza hivyo kwa sababu mstari ulikuwa mtupu na ulikuwa unaniangalia.

Basi mimi ndiye mkalimani. Mambo yakienda vizuri, mimi ndiye msimamizi wa mashine, na kubeba sponji kichwani kwaheri. Yakiharibika, mashine anapewa Kalamu Mbili, karani wa stoo, ambaye hutembea na kalamu mbili mfukoni ili moja ikiisha wino dunia isisimame. Kalamu Mbili akanipongeza. Akaomba niseme neno moja tu la Kihispania. Nikamwambia lugha ya watu haichezewi.

Namshukuru Mungu kwa hizi siku saba. Kuna waongo hawapewi hata moja.

Jumanne, 4 Machi

Bahati ya mtende! Nimepata kitabu cha Kihispania kwa muuza vitabu vikuukuu wa karibu na posta. Hakina jalada, na kinaanzia somo la tano. Akaniambia nisubiri anitafutie masomo manne ya mwanzo, yako humo humo kwenye maboksi. Nikamwambia asijisumbue. Mwanzo ni wa wanaoanza. Mimi ni wastani.

Meza kwao ni mesa! Nusu ya lugha ninayo tayari, imebaki kuokota ile nyingine. Tena vitu vyao viko kwenye makundi mawili tu, vya kiume el, vya kike la. Mawili! Sisi tuliolelewa na ki-vi na li-ya na u-i, na yale mengine ambayo hata mwalimu alikuwa akiyaruka, tushindwe na mawili?

Saa moja baadaye. Nani aliamua kwamba mkono ni wa kike? Kitabu hakisemi. Nimekiweka pembeni ili nisichoke mapema.

Jumatano, 5 Machi

Kukariri ni kazi ya punda. Nimepata mbinu. Nimebandika karatasi kwenye kila kitu nyumbani, maneno yaniingie yenyewe nikiwa napita. La puerta mlangoni. El espejo kwenye kioo. La silla kwenye kiti cha mama mkwe, baada ya kumwomba asimame, kwa heshima zote.

Mama mkwe yuko kwetu tangu alipofunga duka lake la ushonaji. Miaka arobaini kwenye cherehani, kisha magoti yakagoma kukanyaga. Sasa anakaa dirishani na kikapu chake mapajani. Hashoni. Anakishika tu. Mke wangu anasema mama amekuwa mkimya mno na hajui amfanyie nini.

Karatasi zilinibakia, nikakibandika na kikapu. La aguja, sindano. El hilo, uzi. Las tijeras, mkasi. El aceite, kichupa cha mafuta. Mama mkwe akauliza maneno hayo yanasomwaje. Nikamsomea. Akarudia yote, akasema ahsante mwanangu, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu ahamie. Ninashukuru kuumbwa mtu wa msaada.

Ijumaa, 7 Machi

Karatasi zinafanya kazi, ila si kwangu. Mimi nikipita mlangoni naona mlango. Mama mkwe ndiye amezivamia. Leo ameniomba el agua, kumbe ni maji. Nikamletea mto wa kulalia.

Halafu kuna balaa linaitwa ser na estar. Vitenzi viwili, vyote maana yake kuwa! Vimenipasua kichwa tangu asubuhi. Mama mkwe akasema mbona rahisi, kimoja ni kama "ni", kingine ni kama "yuko". Yeye ni fundi, hata akiwa amekaa bure. Cherehani iko pembeni, na kesho inaweza kuwa kwingine. Nikamweleza kwa upole kwamba sarufi ni ngumu kuliko hivyo. Nikaenda kuangalia kitabuni. Si ngumu kuliko hivyo.

Nimefunga kitabu. Nina mpango bora kuliko kusoma: Jumatatu sauti yangu itapotea. Mkalimani asiye na sauti ni mgonjwa, si mwongo.

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi ya ugonjwa. Skafu shingoni, kikohozi, mazungumzo yote kwa mikono. Mke wangu akasema ajabu ya koo hili, halipitishi neno lakini linapitisha chapati ya nne. Nikamjibu kwa mikono. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Mama mkwe ameamini, maskini. Mchana alitoka na mkongojo wake, peke yake, kitu ambacho hajafanya tangu aje. Akarudi na tangawizi yangu, na makaratasi fulani ameyakunja mkobani. Sikuuliza.

Jumatatu, 10 Machi

Jamani.

Fundi mgeni ni mtu mnene, mpole. Akanishika mkono akamwaga maneno kama mia. Nikaonyesha skafu, nikakohoa. Kalamu Mbili, kwa wema wake wote, akasema kama koo limegoma mkono haujagoma, basi niandike. Akanipa kalamu. Zote mbili.

Fundi akaitazama mashine akasema jambo. Nikaandika: Anasema ni nzuri. Akasema jingine, refu, akitikisa kichwa. Nikaandika: Nzuri sana. La tatu alilisema ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikaandika: Anawashukuru. Meneja akaninong'oneza kama kwao watu hushukuru namna hiyo. Kazi ya miaka sita ilikuwa inaondoka huku naiona.

Ndipo mama mkwe akaingia, mkongojo mkono huu, chupa ya chai ya tangawizi mkono huu. Ameleta dawa ya koo langu. Akamgeukia mgeni akamwambia buenos días, habari za asubuhi. Masomo manne ya mwanzo! Jana alikwenda kwa muuza vitabu akamwomba, akapewa. Kumbe ilikuwa ni kuomba tu.

Mgeni nusura amkumbatie. Akaanza upya maelezo yake, huku akionyesha kidole. Mama mkwe akainama kwenye mashine, akapapasa. Akasema sindano imefungwa kinyume na uzi umepitishwa kombo, na mgeni tangu aingie anawaomba msiwashe, mtavunja sindano zote. Anataka mkasi na mafuta. Nusu alielewa kwa maneno, nusu kwa miaka arobaini. La aguja, el hilo, las tijeras, el aceite. Karatasi zangu! Na uzi huo alikuwa ameutia Kalamu Mbili Jumamosi, ili ajionyeshe. Ninashukuru hata kwa hilo.

Kisha mama mkwe akaniombea msamaha. Akamwambia Meneja asinilaumu, koo limeumizwa na bidii. Akasema nilikuwa bafuni napaza sauti yo soy, tú eres, mimi ni, wewe ni, mpaka nyumba nzima ikaamka. Meneja akauliza lini hiyo. Mama mkwe akasema leo alfajiri.

Nikakohoa. Hakuna aliyejali.

Jumanne, 11 Machi

Sikufukuzwa. Usimamizi wa mashine amepewa mama mkwe. Meneja alikuwa tayari kunitoa, ila mama akasema hawezi kuja bila mtu wa kumshika mkono. Kwa hiyo mimi namshika mkono na kumbebea kiti. La silla. Hilo nimelishika.

Jioni nimemkuta mke wangu jikoni analia. Nikashtuka. Akasema mama ameingia ndani anaimba. Akanishika uso kwa mikono yenye unga, akasema ahsante, hujui ulichonifanyia. Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba zile karatasi zilinibakia tu. Sikuweza. Nilisimama pale na unga mpaka masikioni, nikashukuru sana.

Ijumaa, 21 Machi

Fundi mgeni ameondoka leo. Amemwachia mama mkwe kastabani yake ya chuma, na mama hataki kuivua kidoleni hata akila. Mashine inashona vizuri.

Nami nimejifunza mengi. Njia ya mwongo ni fupi. Asiyejua aulize. Nimeahidi moyoni: basi, sirudii.

Mchana Meneja amegawa fomu mpya. Inakuja mashine ya gundi kutoka nchi nyingine, na anataka kujua nani anajua nini. Nikajaza vizuri tu mpaka kwenye mstari wa lugha. Mtupu. Ukaniangalia.

Nikaandika: Kikorea, wastani.

Nikausoma tena, dhamiri ikanisuta. Mtu mwenye uzoefu wangu hawezi kuendelea kujidharau. Nikafuta "wastani", nikaandika "vizuri sana".

Njiani kurudi nimenunua karatasi za kubandika, pakiti mbili. Mama mkwe yupo, namshukuru Mungu.