Kinubi cha Wairlandi pale Rugenge

Uvira, Jumatano 17 Agosti 1960

Nchi yetu haijatimiza miezi miwili na mji wetu hauna picha. Kibao cha Wabelgiji, pale barabara ya Kamanyola inapoingia mjini, watu walikichoma mwezi jana. Zimebaki nguzo tupu. Leo Bwana Térence, mkuu wa kamati ya mtaa wetu wa Rugenge, ametuita wachoraji. Anataka kibao kipya, mgeni akikiona ajue amefika kwa nani. Atakayeshinda atakuwa mchoraji wa mji. Ofisi. Kiti. Mlango wenye jina lake.

Mimi nimechora chui. Révérien, adui yangu wa brashi tangu aliponinyang'anya kibao cha kinyozi, amechora samaki. Térence akauliza kwa upole mbona chui ana uso wa mbuzi. Révérien akacheka hadi akakaa chini. Samaki wake alikuwa na kope. Tumefukuzwa wote. Turudi Jumapili.

Alhamisi 18 Agosti

Wameingia askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Bukavu. Wazungu, ila si Wabelgiji. Ni Wairlandi, watu wa kisiwa fulani cha baridi. Makoti ya sufu kwenye jua hili, nyuso zimeiva kama nyanya. Mbele yao alitembea mwanamume mrefu aliyevaa sketi ya rangi ya embe, amekumbatia mfuko wa ngozi uliochomekwa filimbi. Alipoubana ule mfuko sauti ikapanda hadi milimani, ikarudi. Wanawake wa soko waliweka vikapu chini. Mimi nikawafuata.

Padri wao anajua Kifaransa. Nikamuuliza kile kidude kwenye vifungo vya makoti. Akasema ni kinubi. Waingereza waliwatawala karne na karne, na watu wake walipojitawala hawakuchagua simba wala tai. Walichagua chombo cha muziki. Kiko kwenye sarafu zao na kwenye mihuri ya serikali. Kisha akatazama milima iliyo juu ya Uvira na ziwa chini yake. Akasema kijani kile anakijua, ni cha kwao.

Nimekaa ufukweni hadi jua likazama. Nchi inayojitambulisha kwa wimbo. Kitu kisicho na jino wala kucha, na bado Waingereza waliondoka.

Ijumaa 19 Agosti

Nimepata mpango. Nitachora kinubi chao, kikubwa. Askari watafurahi, kapiteni atamshukuru Térence, Térence atanipa ofisi. Révérien atabaki na kope zake.

Inatakiwa nakala halisi. Jirani yangu Candide anawafulia makoti. Nikaomba kumsaidia kuanika. Alipogeuka, nikakandamiza kifungo kwenye mche wake wa sabuni. Alama ikatoka safi, nyuzi zote.

"Weye iko unafanya nini na sabuni yangu?" akauliza.

Nikamjibu ni mambo ya serikali. Akanipiga kwa suruali mbichi ya Umoja wa Mataifa.

Nyumbani hakuna utulivu. Baba mkwe, mzee Rwabuhihi, ameshuka kutoka nyanda za juu kumwona binti yake Louise. Amekuja na inanga yake, ule ubao mrefu wa nyuzi, na anawapigia ng'ombe aliowaacha huko. Mkwe hakemewi. Nimemtuma Louise amwombe apunguze sauti, kwa kuwa nachora kinubi. Louise alinitazama muda mrefu.

Jumapili 21 Agosti

Baada ya misa watu wakajaa barabarani. Térence akavuta kikwembe, kile kitenge kilichofunika kibao. Kinubi changu kikaonekana, dhahabu juu ya kijani. Wenyeji wakatazamana. Mmoja akauliza kama ni mtego wa samaki. Lakini Wairlandi walinguruma. Walirusha kofia. Mmoja alibusu kibao, mwingine alilia waziwazi, wa tatu akaniuliza kwa ishara ya kunywa: wapi? Nilidhani ni heshima ya kwao.

Padri akaja akifuta machozi ya kicheko. Kinubi cha taifa lao, akasema, kinatazama upande mmoja. Changu kinatazama upande wa pili. Na wa pili ni wa kiwanda cha bia. Kiwanda kilikiwahi kinubi kabla ya dola kuzaliwa, ndipo dola ikalazimika kugeuza chake. "Umechora bia, mwanangu."

Sabuni. Alama ya sabuni hugeuka.

Térence akasema polepole: "Sasa mugeni akifika atajua amefika ku bar."

Nilitamani ziwa linimeze. Ndipo nikasikia inanga. Mzee Rwabuhihi alikuwa ameketi kando, akipiga taratibu kana kwamba hatupo. Yule wa sketi akamwendea, akachuchumaa vumbini. Akagusa kifungo chake, akagusa uzi wa inanga, akagusa tena kifungo. Kisha akavua kofia.

Padri akaniuliza kumbe tunacho kinubi chetu, kwa nini sikukichora. Mzee akanijibia, bila ukali: "Minye nilifikiri iko unaijua, mwanangu. Iko inalala kwako."

Térence ameagiza inanga ichorwe. Anayetaka na achore.

Jumatano 24 Agosti

Révérien ameichora. Uani kwangu, miguuni pa baba mkwe wangu, akinywa chai yangu. Mimi nilikuwa bado nasahihisha kinubi.

Kibao kimesimamishwa. Nilikwenda kukidharau. Inanga imelala mbele, nyuma yake ziwa, nyuma ya ziwa milima, na ukitazama vizuri nyuzi zinaendelea na kuwa mvua. Nilisimama hadi jua likanichoma shingo. Wanawake waliotoka Kamanyola na mizigo ya mihogo wakasimama karibu yangu. Mmoja akasema, kwa sauti ya mtu aliye kanisani: "Hapa ni kwetu." Mkono ule ule uliomchorea samaki kope.

Révérien ana ofisi. Jina lake liko mlangoni, na herufi ni nzuri, Mungu amsamehe.

Louise ameuliza nimejifunza nini. Nimemwambia mengi. Nilimuuliza padri kuhusu askari wengine walioko Kongo. Kuna Waswidi, alama yao ni mataji matatu. Nimeanza la kwanza. Louise anasema Waswidi wako Katanga, hawana sababu ya kupita Uvira.

Wakipita, watanikuta tayari.